Mifupa ya mama zetu wa Ngara na Biharamulo: dawa zake zilitoka wapi, na ipi inamfaa nani



Sisi kazi yetu ni kushona, na fundi cherehani huuona mgongo kabla ya daktari. Mama tuliyemshonea gauni kwenye harusi ya binti yake wa kwanza anarudi baada ya miaka kumi kwa harusi ya kitinda mimba, anasema vipimo ni vilevile. Tunamvalisha: mbele linaburuza, nyuma limepanda. Hajanenepa wala hajakonda, amefupika. Mgongo umejikunja na umbo la nyuma limekuwa refu kuliko la mbele. Tunaongeza inchi mbili nyuma, tunapunguza mbele, tunampa hongera ya harusi, na habari ya mgongo haizungumzwi na mtu yeyote.

Leo tunaizungumza, na tunaanzia mbali kidogo na bahari: Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Mmoja wetu ameolewa hapa kisiwani akitokea Biharamulo, mwingine mama yake ni Mhangaza wa Ngara, kwa hiyo simu za huko hutufikia kila wiki. Na swali moja limetufikia zaidi ya mara moja, kwa sura tofauti. Mama ameteleza akavunjika kifundo cha mkono, kisha mgongo ukaanza kuuma bila kuanguka. Kijana wa Dar es Salaam ametuma vidonge. Binti aliyeko Muscat ameambiwa kuna sindano ya miezi sita, nzuri zaidi, na yuko tayari kuilipia. Shangazi anasema mifupa ya Waafrika haina ugonjwa huo, mpeni supu ya kongoro. Sasa nani asikilizwe?

Hatuwezi kujibu kwa kusema hii ghali na ile rahisi. Kila moja ya dawa hizi ina historia yake, na ukiijua historia utajua kwa nini dawa inayomfaa mama wa Muscat inaweza kumdhuru mama wa Ngara.

Tuanze na shangazi, maana hakukosea kabisa. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon alichapisha utafiti wa Johannesburg ulioonyesha kwamba wanawake Waafrika walivunjika nyonga mara chache sana kuliko wazungu. Mwaka 1996 watafiti waliopima wanawake wazee wa vijijini Gambia walikuta jambo la kushangaza: madini katika mifupa yao yalikuwa machache, wakati mwingine machache kuliko ya wanawake wa Uingereza, na bado hawakuvunjika ovyo. Walitembea sana, walilima, walibeba mizigo, hawakuanguka kwenye ngazi za sakafu ya vigae. Anayeijua milima ya Ngara anaelewa. Mwanamke wa kule hupanda na kushuka na ndoo kichwani tangu utoto, na mfupa unaopewa kazi hujijenga.

Lakini wazee zamani walikuwa wachache. Fikiria mwishoni mwa Aprili 1994, pale takriban watu 250,000, kwa makadirio ya UNHCR, walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa ishirini na nne na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa katikati ya Ngara. Mwanamke wa Ngara aliyekuwa na miaka 35 siku hiyo, aliyechota maji kwenye foleni moja na wageni hao, sasa amevuka 65. Hedhi ilimkoma zamani. Sasa anaishi umri ambao wengi wa bibi zake hawakuufikia, na mifupa yake inaingia katika miaka ambayo haikuwahi kuulizwa swali. Na mwaka huohuo wa 1994, bila uhusiano wowote na Benaco, Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo kinachotumika hadi leo: mfupa ukiwa chini ya wastani wa mwanamke kijana kwa alama 2.5 kwenye mashine ya DEXA, ndiyo osteoporosisi. Mashine yenyewe si kitu utakachokikuta hospitali ya wilaya. Kwa hiyo kwa mama zetu wengi kipimo ni kuvunjika kwenyewe. Mtu mzima akivunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake tu, au uti wa mgongo ukibonyea bila ajali, hiyo ni dalili ya kutosha kumfanya daktari afikirie tiba.

Jina la ugonjwa ni la zamani. Miaka ya 1820 Sir Astley Cooper, mpasuaji wa London, aliandika juu ya wazee wanaovunjika shingo ya paja kwa sababu ndogo, na miaka ya 1830 Jean Lobstein wa Strasbourg akauita mfupa wenye vitundu kwa jina hilo la osteoporosisi. Kwa miaka mia moja baada yake haukuwa na dawa. Ilikuwa inahesabiwa kuwa ni uzee, basi.

Aliyebadilisha mambo ni Fuller Albright wa Boston. Mwaka 1941 alichapisha maelezo kwamba wengi wa wanawake wenye mgongo uliobonyea walikuwa wamekoma hedhi, na kwamba homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikilinda mfupa. Hoja yake ikatoa dawa ya kwanza: kurudisha homoni iliyopotea. Mwaka 1942 Marekani iliruhusu Premarin, na jina hilo dada zetu linatuhusu, kwani limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkojo wa farasi mwenye mimba. Ndiko estrojeni hiyo ilikotolewa. Tunalitaja si kumtisha mtu. Anayepewa dawa ya aina hiyo ana haki ya kujua inatoka wapi na kumuuliza shekhe wake na daktari wake kwa pamoja. Siku hizi zipo estrojeni nyingi zisizotokana na mnyama huyo.

Homoni ilitawala kwa miongo. Mwaka 1975 ikaonekana kwamba estrojeni peke yake huongeza saratani ya mji wa mimba, wakaongeza homoni ya pili kuzuia. Halafu ikaja Julai 2002. Utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa kabla ya wakati. Nyonga zilizovunjika zilipungua kwa theluthi, ni kweli. Lakini kwa kila wanawake 10,000 katika mwaka, waliongezeka 8 wa saratani ya matiti, 8 wa kiharusi, 8 wa damu kuganda kwenye mapafu na 7 wa ugonjwa wa moyo, huku nyonga zilizookolewa zikiwa 5. Duniani kote wanawake waliacha vidonge ndani ya miezi. Leo madaktari wamerudi katikati: kwa mwanamke ambaye hedhi imemkoma karibuni, bado hajafika 60, na joto la mwili linamsumbua, homoni bado ina nafasi, na mfupa unafaidika. Kwa bibi wa miaka 70 wa Biharamulo, haianzishwi kwa sababu ya mifupa.

Kuna dawa moja ambayo Tanzania ilikuwa na jibu lake kabla ya maabara. Ni floraidi. Kwa kuwa floraidi huongeza unene wa mfupa, madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapa wagonjwa kwa miaka mingi, wakifurahia picha za eksirei zinavyong'aa. Mwaka 1990 watafiti wa Mayo Clinic wakatangaza matokeo: baada ya miaka minne uzito wa uti wa mgongo ulipanda kwa asilimia 35, lakini pingili hazikupungua kubonyea kwa kiasi cha kujivunia, na mikono na miguu ilivunjika zaidi. Mfupa ulinenepa kama mkate uliotiwa hamira nyingi. Wakati huo huo, watu wa vijiji vinavyozunguka mlima Meru walikuwa wakinywa floraidi hiyo bure kutoka ardhini: meno ya kahawia, miguu ya watoto iliyopinda, migongo ya wazee iliyokakamaa. Kwa miaka mingi maji ya vijijini Tanzania yaliruhusiwa kuwa na hadi miligramu 8 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza 1.5. Kama mtu angekwenda kuuliza Arusha kabla ya kuandika cheti cha dawa, angeokoa mifupa ya watu wengi. Hayo ni maoni yetu.

Kalsitonini tutaipita haraka. Harold Copp wa Vancouver aliigundua mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliyotumika sana ikawa ya mfano wa samaki aina ya salmoni, sindano kisha ya kupuliza puani. Ilisaidia kidogo, na mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikasema isitumike tena kwa ugonjwa huu kwa sababu ya ongezeko dogo la saratani. Mtu akikuuzia ya puani leo kwa bei ya juu, mshukuru, ondoka.

Sasa tuje kwenye kidonge alichotuma kijana wa Dar.

Dada wa Unguja anayechemsha maji ya kisima anaujua ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Maji yetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Viwanda vya Ulaya vilikuwa na shida hiyohiyo kwenye mabomba, na tangu zamani walitia kemikali za kuzuia ukoko. Daktari Herbert Fleisch wa Uswisi akajiuliza: mwilini kuna nini kinachozuia chokaa isigande ovyo? Akakuta kitu kinaitwa pairofosfeti. Hicho hakikufaa kuwa dawa kwa sababu tumbo hukivunja. Wakatafuta ndugu yake asiyevunjika, na ndugu huyo alikuwa tayari yupo kiwandani: bifosfoneti. Mwaka 1969 Fleisch na wenzake, akiwemo David Francis wa kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble, walitangaza kwamba kemikali hizo hushika mfupa na kuzuia usiliwe. Ndiyo, dawa hii imezaliwa kwenye bomba na sabuni.

Kuliwa kwa mfupa kunahitaji maelezo. Mfupa si jiwe. Kuna chembe zinazobomoa mfupa wa zamani na chembe zinazojenga mpya, kila siku, kama nguo inayofumuliwa na kushonwa upya. Baada ya hedhi kukoma wafumuaji wanakimbia kuliko washonaji. Bifosfoneti huwapunguza wafumuaji kasi.

Iliyoshinda soko ni alendroneti, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995 kwa jina la Fosamax. Mwaka uliofuata utafiti wa wanawake waliokwisha kubonyea uti wa mgongo ulionyesha nyonga zilizovunjika zimepungua kwa karibu nusu, na uti wa mgongo vilevile. Mwanzoni ilikuwa kila siku, na tangu 2000 ikawepo ya miligramu 70 mara moja kwa wiki. Haki ya kampuni moja iliisha Marekani mwaka 2008 na tangu hapo viwanda vingi vinaitengeneza, ndiyo maana bei imeshuka. Kwa mama wa Ngara mwenye figo nzima na koo zima, hii ndiyo dawa ya kuanza kuifikiria, na hatuoni haya kuisema kabla ya zile za fahari.

Ila inavyomezwa ndiyo dawa yenyewe. Asubuhi, tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu. Si chai, si maziwa, si uji. Kisha nusu saa asile, asimeze dawa nyingine na asilale. Ikikwama kooni huunguza, na ikikutana na chakula haiingii mwilini kabisa, umetupa pesa. Sisi Waislamu tuna mpango mzuri: mama aswali Alfajiri kwanza, ndipo ameze, ili asiiname na kusujudu dawa ikiwa bado iko njiani. Kisha akae kitako na uradi wake nusu saa, ndipo anywe chai. Ramadhani ikifika, kidonge ni cha mara moja kwa wiki. Amuulize daktari wake kama siku hiyo anaweza kukimeza wakati wa kufungua kwa maji matupu, kwani tumbo limeshinda tupu, na tende na uji vikasubiri nusu saa. Asikimeze na daku akarudi kulala. Mtu aliyejikunja mgongo kiasi cha kushindwa kukaa wima nusu saa, au mwenye vidonda vya koo, asipewe kidonge hiki hata kama kimekwisha kununuliwa.

Zipo ndugu zake: risedroneti, ibandroneti ya mara moja kwa mwezi, na asidi ya zoledroniki inayoingizwa kwa dripu ya dakika kumi na tano mara moja kwa mwaka. Hiyo ya mwisho tuitazame vizuri. Utafiti wake wa mwaka 2007 ulionyesha uti wa mgongo kubonyea kumepungua kwa asilimia 70 na nyonga kwa 41 ndani ya miaka mitatu. Haina shida ya koo wala ya kusahau. Mama akienda Bukoba au Bugando mara moja kwa mwaka, mwaka umekwisha. Figo lazima zipimwe kwanza, na kalsiamu na vitamini D viwe sawa. Jambo moja ambalo watu wa Kagera waambiwe mapema: siku moja mbili baada ya dripu ya kwanza wengi hupata homa, mwili kuuma, baridi. Biharamulo kila homa ni malaria. Apimwe malaria, naam, lakini familia isidhani dawa imemuua mama.

Je, hazina ubaya? Mwaka 2003 madaktari wa meno walianza kuripoti mfupa wa taya kuoza kwa watu waliotumia bifosfoneti, wengi wao wagonjwa wa saratani waliopewa dozi kubwa. Baadaye ikaonekana paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida kwa waliotumia miaka mingi. Mambo haya ni nadra sana kulinganisha na nyonga zinazookolewa, lakini ndiyo sababu jino bovu ling'olewe kabla ya kuanza, na ndiyo sababu baada ya miaka mitatu ya dripu au mitano ya vidonge daktari hutazama kama mtu apumzike. Na anaweza kupumzika bila hofu kubwa kwa kuwa dawa hubaki ndani ya mfupa miaka. Kumbuka sentensi hiyo, tutaihitaji.

Raloksifeni ilikuja 1997, ni kidonge kinachojifanya estrojeni kwenye mfupa na kuizuia kwenye matiti. Inalinda uti wa mgongo, hailindi nyonga, na huongeza damu kuganda. Stronti ya Ulaya ya mwaka 2004 iliharibiwa jina na moyo, ikaachwa 2017.

Tufike Muscat sasa, kwenye sindano ya miezi sita. Jina lake denosumabi, imekubaliwa tangu 2010. Ni kingamwili iliyotengenezwa kuzuia ujumbe unaowaamsha wale wafumuaji. Utafiti wake mkubwa wa 2009: uti wa mgongo pungufu asilimia 68, nyonga pungufu 40. Hata mwenye figo dhaifu huweza kupewa, kwa uangalizi wa karibu, maana kalsiamu ya damu inaweza kushuka vibaya. Binti yule hakudanganywa, dawa ni nzuri.

Lakini denosumabi haibaki kwenye mfupa. Siku ikiisha nguvu, wafumuaji waliozuiwa huamka wote kwa pamoja na njaa, na ndani ya miezi uzito uliopatikana unapotea. Baadhi ya wagonjwa walioacha bila dawa nyingine kufuata walibonyea pingili kadhaa kwa mpigo, vibaya kuliko kama wasingeanza. Tena sindano inatakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Sasa ihesabu safari: Muscat, uwanja wa ndege wa Dar, basi la siku nzima na zaidi kupitia Kahama na Nyakanazi, begi likiwa juu ya injini, hadi Ngara. Umeme unakatika. Na baada ya miezi sita, tena. Na tena. Mkataba wa kazi wa binti ukiisha mwaka wa pili, nani atanunua ya tano?

Kwa hiyo tunamwambia dada yetu wa Muscat, kwa mapenzi: asimwanzishie mama sindano hiyo kama hana uhakika wa kuiendeleza, na kama hakuna daktari aliyekwisha panga ni bifosfoneti ipi itafuata siku itakaposimama. Pesa hiyo hiyo ingemlipia mama nauli, kupima figo na dripu ya mwaka pale Mwanza. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, hata kile kivuko kilichokuwa kinalaza wagonjwa foleni hakipo njiani.

Kuna kundi la mwisho, la dawa zinazojenga badala ya kuzuia ubomoaji. Teriparataidi ya 2002 ni sindano ya kila siku hadi miaka miwili, nayo ya friji, ghali. Romosozumabi ya 2019 ni ya kila mwezi kwa mwaka mmoja, na ina onyo kwa aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni. Tunaitaja kwa sababu chanzo chake ni Afrika. Katika familia za Makaburu wa Afrika Kusini kulikuwa na ugonjwa wa nadra wa mifupa kunenepa kupita kiasi, usiovunjika. Mwaka 2001 watafiti wakaipata jini yake, wakaelewa ni protini gani inapokosekana mfupa hukua bila breki, wakatengeneza kingamwili ya kuizuia protini hiyo. Msiba wa familia chache ukawa dawa. Zote mbili lazima zifuatwe na dawa ya kuzuia, la sivyo kilichojengwa kinabomoka. Kwa Ngara bado ni hadithi, na hatuna hamu ya kuipamba.

Kabla ya dawa zote hizo kuna mambo ambayo Kagera inayo na watu hawayaunganishi na mifupa.

La kwanza tunalisema kwa heshima. Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliporipotiwa, mwaka 1983. Mkoa ule ulizika kizazi, na bibi walilea wajukuu. Tangu 2004 ARV za bure zimewafanya wanawake wengi waishi na kuzeeka, alhamdulillah. Tenofoviri, iliyomo kwenye vidonge vingi vya sasa, hupunguza uzito wa mfupa kidogo, zaidi katika mwaka wa kwanza au wa pili. Hii si sababu ya kuacha hata kidonge kimoja. Ni sababu ya mama huyo kumwambia mtoa huduma wake kwamba mgongo unauma na amefupika, apangiwe.

La pili ni sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Tangu 2004 Marekani imeiwekea onyo la kupunguza uzito wa mfupa. Kwa wengi hurudi baada ya kuacha, na kwa mwanamke mwenye afya Shirika la Afya Duniani halijaikataza. Lakini biharusi anayeanza akiwa na miaka 18 au chini aulize, maana huo ndio umri mfupa unawekewa akiba.

La tatu linatuuma zaidi kwa sababu linapita dukani kwetu. Mabiharusi wanakuja kupima gauni wakiwa wanameza deksamethazoni au prednisoloni ili wanenepe kabla ya siku, au wamejipaka krimu za mkorogo zenye dawa kali za jamii hiyo mwili mzima kwa miezi. Hizi ndizo dawa zinazokausha mfupa haraka kuliko karibu zote. Mwenye pumu au ugonjwa wa viungo aliyepewa na daktari aendelee nazo, asiache ghafla, na aulize kuhusu kulinda mifupa. Lakini kwa ajili ya picha za harusi? Singo ya liwa na mrashi haijawahi kumvunja mtu nyonga. Gauni tutalipunguza sisi, hiyo ni kazi ya robo saa.

Na chakula. Dagaa wa ziwa wanaoliwa na mifupa yao ni kalsiamu ya uhakika, na ni wa bei nafuu kuliko kopo lolote la vidonge. Maziwa ya ng'ombe wa kule, maharage na mboga za majani vifuate. Kongoro la shangazi ni tamu, ila mchuzi wake una kalsiamu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Vitamini D hutoka juani. Watafiti waliopima Wamasai na Wahadzabe, watu wanaoshinda nje, walikuta wastani wa 115 kwa kipimo cha nanomoli kwa lita, kiwango ambacho mijini wengi hawakifikii. Sisi tunaovaa buibui hatuhitaji kulivua barabarani. Ua wa ndani, mikono na miguu wazi, muda mfupi asubuhi wakati wa kuanika nguo. Mzee asiyetoka kabisa apewe vidonge vyake vya vitamini D.

Mwisho tumalize na kitu ambacho hakihitaji duka la dawa, kwani nyonga haivunjiki yenyewe, huvunjika mtu anapoanguka, na wengi huangukia mahali pamoja: chooni au kwenye udhu wa usiku. Mwekeeni mama kigoda cha kukalia anapotawadha. Kandambili zilizolika soli zitupwe. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikateleza ichongwe mistari, au itandikwe gunia. Tochi iwe chini ya mto. Macho yapimwe, maana mtoto wa jicho huangusha watu wengi kuliko mawe. Na gauni tunalomshonea tunalikata liishie juu ya kifundo cha mguu, vidole viwili, hata kama yeye anataka lifagie.